Dagaa "hizi" au dagaa "hawa"? Ulimi wa Muislamu mbele ya viumbe

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe. Mimi ni mama mfanyabiashara, nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Juzi wingu limefunga juu ya ziwa, naanua na binti yangu wa darasa la sita, nikamwambia, "Fanya haraka, dagaa hizi zitalowa." Akanijibu, "Mama, mwalimu anasema ni dagaa hawa, watalowa." Nikamcheka, nikamwambia mzigo wa gunia hauwezi kuitwa "hawa". Jirani yetu anayesoma dini akadakia kwamba mtoto ndiye aliyekosea zaidi, kwa sababu "a" na "wa" ni za mwanadamu aliyetukuzwa na Allah, na kumpa samaki ni mabaki ya mila za wazee waliotukuza wanyama. Tangu siku hiyo nasitasita kuongea. Je, kuna dhambi katika kusema hivi au vile?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Tuliza moyo. Huna dhambi kwa kusema "dagaa hizi", na binti yako hana dhambi kwa kusema "dagaa hawa". Lakini swali lako si dogo kama ulivyodhani.

Nianze na jirani. Aya anayoitegemea ni ya haki: katika Suratul Israa, aya ya 70, Allah anasema amewatukuza wanadamu. Ila utukufu huo haukuhitaji viumbe wengine washushwe wawe vitu. Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Allah anatuambia kwamba hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma mfano wetu. Amesema umma, neno lile lile tunalojiitia sisi.

Na atazame sarufi ya Qur'ani yenyewe. Mwanafunzi wa madrasa anayeanza nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, hufundishwa kwamba watu wakiwa wengi wana viwakilishi vyao vya wingi, lakini wanyama wakiwa wengi, pamoja na vitabu na mawe, hutajwa kwa kiwakilishi cha mmoja wa kike. Hiyo ndiyo kanuni. Sasa fungua Suratun Naml, aya ya 18, pale chungu anapowaonya wenzake waingie maskani zao wasije wakapondwa na Sulaiman na majeshi yake. "Ingieni" aliyoitamka ni ile wanayoambiwa watu. Wafasiri wanaeleza kwamba, chungu walipozungumza na kuonyana kama wenye akili, walipewa lugha ya wenye akili. Tazama pia Suratun Nur, aya ya 45: kati ya viumbe waliotokana na maji, yumo "anayetambaa" kwa tumbo lake, na Kiarabu kimetumia pale neno la kuulizia "nani", si la kuulizia "nini". Wanazuoni wengi wanasema ni kwa kuwa mwanadamu amechanganywa humo na wengine. Sawa. Lakini aliyechanganywa nao hakuona haya, kwa nini jirani yetu aone haya kwa niaba yake?

Basi Kiswahili kinapompa samaki "a" hakijamwabudu. Kinakiri kwamba ana uhai. Nyumbani kwangu siku ya Idd nikiuliza, "Mbuzi yuko wapi?" mke wangu ananionyesha mwembe alikofungwa. Nikiuliza, "Mbuzi iko wapi?" ananionyesha ukutani inakoning'inia mbuzi ya kukunia nazi. Neno ni lile lile. Kilichotenganisha mwenye roho na kipande cha ubao chenye chuma ni silabi moja. Au mchukue kifaranga, kipepeo, kiboko: majina yao yamevaa "ki" ya kiti na kikombe, lakini mzungumzaji wa Kiswahili sanifu hasemi "kifaranga kimekufa". Pumzi imeshinda umbo la neno. Kuna lugha kubwa za dunia, Kiingereza kikiwemo, ambazo kanuni yake ya kawaida humwekea mbuzi kiwakilishi kile kile cha ndoo, na watoto wetu wanaosoma kwa lugha hiyo wanarudi nyumbani nacho. Sioni ubaya mtu kujifunza lugha ya watu. Nasikitika tu pale anapoiacha neema iliyo kinywani mwake.

Dhambi iliyo karibu na sarufi ipo, dada yangu, na jirani aiogope hiyo. Ni pale tunapomvua mwanadamu "a" yake. "Kijitu hiki kimefuata nini hapa?" Nimesikia mtu akiambiwa hivyo foleni ya kivukoni, kosa lake ni nguo iliyochanika. Hayo yanaingia katika katazo la Suratul Hujurat, aya ya 11, la kudharauliana na kuitana majina mabaya.

Hata hivyo, sitaki uniamini kupita kiasi. Sarufi peke yake haileti huruma. Lugha nyingi za Kibantu za bara hazimpi mnyama upatanisho wa mtu, na ndiyo maana wengi wetu wa Kanda ya Ziwa tunasema "ng'ombe zimerudi". Lakini mfugaji wa Kisukuma anayesema hivyo anamjua kila mmoja kwa rangi na pembe, na mmoja akikosekana jioni, yeye hapati usingizi. Na nimetoka sala ya alfajiri nikamkuta kijana ananing'iniza kuku kwenye usukani wa pikipiki, miguu juu, midomo wazi, mmoja kichwa chake kinagonga chuma kila tairi linapopita shimo. Kijana akaniambia kwa Kiswahili safi kabisa, "Wamechoka, Shekhe." Kasema "wamechoka", na hakuwafungua. Tuliwafungua pamoja, tukawatia kwenye tenga.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona ndege anatapatapa kwa kuwa masahaba wamechukua makinda yake, aliuliza nani aliyemfadhaisha huyu kwa mtoto wake, akaamuru arudishiwe mtoto wake. Imo kwa Abu Dawud. Hakusema makinda. Alisema mtoto, kisha akataka arudishwe. Kwake neno na mkono vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo angalia mkono wako. Samaki hachinjwi, na kwa sababu hiyo wengi wetu tumechukulia kwamba hadithi ya Shaddad bin Aws, aliyoipokea Imam Muslim, kwamba Allah ameandika ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila jambo, hata katika kuchinja, haimhusu samaki. Inamhusu. Wapo wanazuoni waliochukia kumtia samaki motoni akiwa hai. Kununua mzigo ulioletwa na kokoro, ule wavu wa kukokota, au sangara wachanga walio chini ya sentimita 50, ni kushiriki kuuangamiza umma huo kabla haujazaa, na hilo lina uzito mbele ya Allah kuliko "hizi" na "hawa" zako zote. Dagaa wako, kwa sababu wamekwisha kufa na kukauka, ni bidhaa halali. Pima, funga, uza, na usichanganye mchanga ili gunia lizidi uzito.

Kuhusu binti yako: kwa Kiswahili sanifu mwalimu wake yuko sahihi, na mimi napendelea usemi wake. Ulimcheka mbele ya jirani, basi mwambie mbele ya jirani huyo huyo kwamba alisema vizuri. Wallahu a'lam.