Mjozi mweusi ulivyoninyima nyanya

Juzi msomaji mmoja aliye Ohio, Marekani, kaniandikia: "Kaka, nyuma ya nyumba nina mjozi mweusi (black walnut), nataka kupanda nyanya na managu (mnavu) hapo. Kuna shida?" Nilicheka, kisha nikaudhika upya.

Nyumba yangu ya Columbus, hukuhuku Ohio, niliinunua nikiwaza shamba kabla ya makochi. Dalali alinionyesha mti ule kwa mbwembwe: kivuli, jozi za bure. Hakusema zaidi. Nikapanda miche thelathini ya nyanya, pilipili, bilinganya, na managu ya mbegu za mama mmoja wa kanisani.

Mwezi wa saba nyanya zikanyauka na maua yake. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Udongo umelowa chepechepe, majani yamelegea kama kitambaa. Nikachana shina kwa kisu: ndani, mstari wa kahawia. Mke wangu akasema tumerogwa.

Kumbe ni jugloni, sumu iliyo kwenye mizizi, majani na hasa maganda ya jozi. Ukoo wa nyanya hauiwezi kabisa, na managu ni wa ukoo huohuo. Mizizi ya mti mkubwa husambaa mita 15 hata 25 kutoka shinani. Mimi nilikwepa kivuli tu! Na usikimbilie msumeno. Mti ukikatwa, mizizi inayooza huacha sumu ardhini miaka kadhaa.

Kilichoniuma zaidi ni mzee jirani, aliyenitazama nikihangaika msimu mzima. "Nilidhani unajua," akasema. Ndugu zangu, tunafika huku tukijiona wakulima wa kuzaliwa, kuuliza tunaona aibu. Ulizeni! Hata mti ulizeni jina lake kabla ya kushika jembe.

Mwaka uliofuata nikapanda mahindi, maharagwe, vitunguu na karoti palepale. Vyote vikakubali, na githeri ya mwaka huo niliipeleka hadi kwa yule mzee, aone. Nyanya na managu ziko upande wa pili wa nyumba, kwenye masanduku ya mbao yenye udongo wa kununua.

Kwa hiyo kaka, pima kutoka shinani, si kutoka kivulini. Na ukimenya jozi, vaa glavu. Mimi nilimenya ndoo mbili Jumamosi kwa mikono mitupu, Jumapili nikatoa sadaka kwa vidole vyeusi kama vya fundi wa magari.