Shangazi Daktari: Nilisema baba asikandamizwe kifua. Je, nilimuua?

*Shikamoo Shangazi Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Makorora, Tanga. Baba yetu alikuwa na saratani ya koo la chakula. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, walituambia imeshatambaa hadi kwenye ini na mapafu, wakampa mofini ya kunywa, tukarudi naye nyumbani. Mwenyewe alituusia: msinifungie kwenye mashine. Usiku mmoja pumzi ikambana, nikampakia kwenye bajaji ya jirani hadi hospitali. Daktari kijana akaniuliza: moyo ukisimama, tumkandamize kifua na kumtia mpira wa kupumulia kooni, au tumwache apumzike? Nikasema mwacheni. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma mofini. Alikuwa akikoroma, hanijibu. Nikaanza kumsomea Yasini, kilio kikanishinda katikati. Alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Siku ya kuanua matanga, kaka yangu mkubwa aliyetoka Dar es Salaam akasema mbele ya watu: "Wewe ndiye uliyetia saini kifo cha baba." Tangu siku hiyo silali. Je, nilimuua? Ile sindano ndiyo iliyommaliza? Alinisikia?*
*Mwenye Deni, Makorora*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa maneno yaliyokuja baada yake.

Hukumuua baba yako. Nalitanguliza hilo ili ulisome kabla hujachoka. Sasa nikueleze kwa nini nina hakika, maana najua neno tupu halitakupa usingizi.

Nimefanya kazi chumba cha dharura miaka 19. Swali uliloulizwa wewe usiku ule nimewauliza watu wengi, wengine wakiwa bado na funguo za bajaji mkononi. Kufa au kuishi kwa baba yako hakukuwa mikononi mwako, wala mwa yule daktari, wala kusingekuwa mikononi mwa kaka yako kama angekuwepo. Ulichoulizwa ni namna saa yake ya mwisho itakavyopita. Na jibu hukulitunga wewe. Alishakupa mwenyewe akiwa na akili zake timamu, wewe ukalibeba hadi hospitali na kulisema pale lilipotakiwa kusemwa. Najua lilikuwa zito.

Acha nikusimulie nilichokiona mahali ambapo swali hilo halikuulizwa. Ni miaka yangu ya mwanzo kazini, na hospitali siitaji. Aliletwa mzee mvuvi, ini limekwisha kwa saratani, macho ya njano, miguu imevimba. Mabinti zake wawili walikuja naye, na mkeka wake wa kulalia wameukunja kwapani. Moyo ukasimama. Hakuna aliyekuwa amewauliza lolote wale mabinti, na mimi pia sikuuliza. Tukawatoa nje ya pazia, tukaanza. Aliyekandamiza ni mimi. Mbavu za mzee hukatika mapema, unazisikia chini ya kiganja kama makuti makavu yanayokanyagwa. Dakika 25. Mpira kooni, dripu mikono yote miwili, shati limechanwa kwa mkasi. Tulipoacha, nikawaita waingie. Yule mdogo alizunguka kitanda akitafuta pa kumshika baba yake, na kila mahali pana waya, au plasta, au damu. Mwisho akakishika kidole gumba cha mguu, akakiinamia.

Hajawahi kunitoka yule binti. Baba yake angekufa usiku ule hata angelala kitanda gani duniani. Lakini dakika zile 25 zilikuwa zake na dada yake, na nilizichukua mimi.

Wewe ulikuwa umemshika mkono wa baba yako?

Kaka yako, nadhani, anaamini kwamba kukandamiza kifua ni dawa, na dawa hiyo ilikuwepo ukamnyima baba. Wengi huamini hivyo, na si kosa lao, hakuna aliyewaeleza. Njia hii kama tunavyoifanya leo ilielezwa mwaka 1960 na watafiti watatu wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Walichokuwa wakishughulika nacho ni moyo uliosimama ghafla ndani ya mwili ambao bado una uhai wa kutosha: aliyepigwa na umeme, aliyezidiwa na dawa ya usingizi akiwa kwenye upasuaji. Hapo ina maana kubwa. Mtoto akiopolewa majini pale Raskazone hapumui, usingoje kumuuliza mtu: mpulizie pumzi, kandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine akimbilie gari. Naomba asiwepo msomaji atakayechukua barua hii akaacha kumkandamiza mtoto aliyezama.

Moyo wa baba yako ulisimama kwa sababu nyingine kabisa. Mapafu yamejaa saratani, ini limechoka, na chakula hakipiti kooni tangu wiki nyingi. Ungeushtua ukapiga tena, ungerudi kwenye mwili uleule na ugonjwa uleule, sasa na mbavu zilizovunjika juu yake. Hata huko Marekani, penye magari ya wagonjwa na vifaa vyote, kati ya watu ambao moyo wao husimama wakiwa nje ya hospitali, wanaotoka salama ni kama mmoja katika 10, na hesabu hiyo inachanganya na watu waliokuwa wazima asubuhi yake. Mwenye saratani iliyotambaa mwili mzima nafasi yake ni ndogo kuliko hiyo, ndogo sana.

Kuhusu sindano. Mofini ina sifa mbaya mitaani, na sifa hiyo imewafanya wengi wafe kwa maumivu yasiyo na sababu. Kwa kipimo sahihi, mofini hupunguza maumivu na hupunguza ile hali ya mtu kuhisi anazama wakati amelala kitandani. Hicho ndicho baba yako alichohitaji. Tena mwili wake ulikuwa umeshaizoea, kwa sababu alikuwa akiinywa nyumbani. Kilichomwondoa ni saratani, na sindano ilimwondolea hofu ya kukosa hewa njiani. Kama angekuwa baba yangu, ningeidai mimi mwenyewe.

Na kule kukoroma, ambako nahisi ndiko kunakokuamsha usiku. Mgonjwa anapokaribia kukata roho hana tena nguvu ya kumeza wala kukohoa. Mate na makohozi hubaki kooni, pumzi ikipita juu yake hutoa ile sauti. Sisi tuliosimama kando ndio tunaoisikia kwa uchungu. Mgonjwa mwenyewe, akiwa amezama hivyo, kwa kadiri tunavyojua hahangaiki nayo. Huenda pia uliona pumzi ikikatika kwa muda mrefu, ukadhani ndiyo mwisho, kisha ikaja nyingine, na miguu ikawa ya baridi hadi magotini. Hizo zote ni njia za kawaida za mwili kufunga safari. Ningependa yule kijana angekueleza mapema, nusu ya woga wako ungebaki palepale hospitalini. Lakini namsifu kwa kukuuliza. Wengi wetu hukwepa.

Umeniuliza pia, kwenye sehemu ya barua ambayo sikuichapisha, kama ulitenda dhambi. Hilo si la daktari. Nenda kwa sheikh unayemwamini, lakini mweleze habari yote: saratani imefika wapi, Ocean Road walisema nini, baba aliusia nini. Usiende ukamwambia "nilikataa baba asitibiwe", maana hilo si lililotokea.

Na kwa wasomaji wengine wa Tanga walio na mgonjwa wa namna hii ndani: ulizeni habari ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, mapema kabla ya usiku wa bajaji. Hospitali Teule pale Muheza wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kwa gari hata saa nzima haifiki.

Turudi kwa kaka yako. Alilosema mbele ya watu lilikuwa baya, sitalipamba. Ila fikiria alivyoupata msiba: simu ya alfajiri, basi, kilomita zaidi ya 300, akafika kukuta watu wamejaa uani. Hakuiona pumzi ikimbana baba. Hakumwona akitema hata maji. Kichwani mwake baba alikuwa bado yule wa Idi iliyopita. Mtafute, lakini si mbele ya ukoo na si kwa simu. Mwombe aje mkae wawili, na umsimulie usiku ule saa kwa saa, kuanzia alipokuita chumbani. Usijitetee, msimulie tu. Akitaka maelezo ya kitabibu, nendeni pamoja hospitalini mkaombe kuonana na daktari aliyempokea. Ni haki yenu, na daktari mwema hatawafukuza. Akikataa kuja, mpe muda, umwandikie.

Swali lako la mwisho ni kama alikusikia. Tunafundishwa kwamba kusikia ni miongoni mwa mambo ya mwisho kumtoka mtu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya ubongo vya wagonjwa waliokuwa wakifa huko Kanada. Baadhi yao, wakiwa hawajibu chochote na zikiwa zimebaki saa chache tu, ubongo ulikuwa bado unaitikia sauti. Siwezi kukuapia kuhusu baba yako. Lakini mimi nikiwa na mgonjwa wa hivyo huwaambia jamaa wamwite kwa jina lake, waseme naye, wamsomee, kwa sababu naamini inafika.

Yasini uliyoiacha katikati, kaka yako akija, mpe msahafu, mwonyeshe aya uliyofikia, aimalizie yeye, mlemle chumbani mwa baba, nawe ukae kando yake.