Kurasa nilizozipiga stepla

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta pabaya. Mmeuliza mfululizo wa vitabu unaoupenda, mwandishi wake akifa akaja mwingine kuuendeleza, unaendelea kusoma au unaweka chini? Mi naendelea, tena naenjoi kabisa, ila ili niwe na uhakika na jibu langu ilibidi nimfanyie wifi yangu kitu ambacho si cha kiungwana, nitafika huko.

Mfululizo wenyewe ni wa Hamish Macbeth, polisi wa kijiji cha Lochdubh kule juu kaskazini mwa Uskoti. Aliuanzisha M.C. Beaton mwaka 1985, akaandika vitabu zaidi ya 30, akafariki mwishoni mwa 2019. Ni zile stori za upelelezi zisizokunyima usingizi, mtu anauawa ndio, lakini hakuna damu za kumwagika ovyo, anayeuawa mara nyingi ni mtu aliyekuwa anakera kijiji kizima, na katikati ya uchunguzi kuna chai, keki na umbea. Mi nilianza kumsoma kivukoni. Nafundisha Sengerema na kwangu ni Nyegezi, Mwanza, ng'ambo ya maji ya Ziwa Victoria, sasa enzi zile ukifika Busisi jioni unakuta foleni ya magari mpaka unakata tamaa, unakaa chini ya kivuli unasubiri feri. Kitabu cha kwanza nilikiokota kwa muuza vitabu vya mtumba mjini, buku mbili, jalada la nyuma halipo, nikawa nakisoma huku natafuna michembe, kikaisha siku tatu. (Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita 3 zinaisha kabla hujaipata miwani kwenye mkoba. Nashukuru sana, ila kusoma kumepungua, huo ndo ukweli.)

Kilichonishika wala si fumbo. Muuaji mi simjuagi mpaka ukurasa wa mwisho na sijali. Ni yule Hamish mwenyewe, mrefu, nywele nyekundu, anafuga kondoo na kuku hapo hapo kituoni, anavua samoni kinyemela wakati yeye ndo sheria, na akishatatua kesi anahakikisha sifa zinaenda kwa bosi wake Blair, maana akipanda cheo watamhamishia mjini Strathbane. Sasa jamani huyo si tunamjua? Aliyewahi kuishi kijiji cha ziwani anamjua huyo askari, ana shamba la mihogo, ana mtumbwi kamwachia shemeji yake, ukimtajia uhamisho anaanza kukohoa. Halafu kuna wale dada mapacha, Nessie na Jessie Currie, huyo Jessie akiongea anarudia maneno yake ya mwisho, yake ya mwisho, yaani hivyo hivyo kila sentensi, na hakuna kinachopita barabarani wasikione. Nikiwasoma nawaona wamama wanaogeuza dagaa juani asubuhi, mikono inafanya kazi na macho yanafanya kazi nyingine, wanajua nani karudi na mtumbwi mtupu na nani jana hakulala kwake.

Basi mwaka 2022 kikatoka Death of a Green-Eyed Monster, jalada lina jina la mama Beaton kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo, R.W. Green. Huyu hakuokotwa tu njiani, alikuwa rafiki yake Beaton na alianza kumsaidia kuandika mama alipokuwa anaumwa. Mdogo wangu akanitumia kutoka Uingereza. Nikamwambia wifi, ambaye ndo tunaazimanaga hivi vitabu, akakataa hata kukishika. "Wifi, mwenye mkono kashazikwa. Hicho ni chakachua. Mpishi akifa sufuria inabaki, mchuzi hauupati."

Nikanyamaza. Nikakijalidi na gazeti, kurasa za mwanzo zote nikazipiga stepla pamoja, halafu baada ya kama miezi miwili nikampelekea nikamwambia ni cha zamani nimekipata mtumbani, hizo kurasa za mbele zililowa zikashikana nikazibana zisichanike. Akakisoma siku mbili. Siku ya tatu kaja nacho mwenyewe mpaka kwangu, kabla hata hajakaa anasema, "Wifi, huyu mama alivyokuwa anazeeka ndo alikuwa anazidi kunoga eti." Mi nikaenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Ila nisiseme uongo, tofauti ipo. Mama alikuwa anaandika mkato mkato, na vile vya mwisho mwisho unaona kabisa kachoka, mtu anatambulishwa vizuri halafu anasahaulika. Green yeye hana haraka, mlima utauona, maji utayaona, baridi utaisikia, mara nyingine anapitiliza. Na alipoleta Death of a Spy mwaka 2024 nikanuna, majasusi tena? Majasusi si waende kwa Willy Gamba, yule jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba, huko, sisi tuachieni kondoo wetu. Lakini Hamish bado hataki cheo, mbwa wake Lugs bado ana yale masikio yake makubwa, na mi nilichokuwa naogopa kupoteza ni hicho, kijiji. Siku Green akimhamishia Hamish mjini ndo siku nitakayoacha.

Kwa Poirot, yule mpelelezi wa Agatha Christie, pia nilikuwa na wasiwasi huo huo. Sophie Hannah alipomfufua mwaka 2014 hakumchukua Hastings, rafiki yake Poirot, asimulie, alikuja na polisi wake mwenyewe anaitwa Catchpool, nikaona hapo katumia akili, maana sauti ya Hastings tunaijua wote na angekosea neno moja tu tungemkamata.

Ninachotamani kwa kweli ni mtu amchukue Bwana Msa wetu, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Kiko chake kile, na rafiki yake Najum pembeni anashangaa kila kitu. Ila awe mtu aliyekaa Unguja akanywa kahawa barazani, asije mtu wa kuisoma Unguja kwenye simu, huyo kurasa mbili tu tunamjua.

Wifi mpaka leo sijamwambia. Sasa hivi anacho Death of a Traitor, cha Green pia, nacho kina gazeti na kina stepla, na juzi kaniuliza mbona vitabu vyangu vyote vinaloweshwa ukurasa huo huo. Gazeti lenu huwa analisomaga, kwa hiyo nawaomba, mkiichapisha hii jina langu msiweke. Andikeni tu Msomaji, Nyegezi.