Mamoti wa Alps na pimbi wetu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mwanza, sote wazima. Umeniuliza kama mamoti uliowaona kwenye malisho ya juu ya milima ya Alps huko Ulaya ni ndugu wa pimbi wetu wa kisiwa cha Saanane, na kwa nini ulipopanda tena Oktoba ulikuta mashimo yao yamezibwa.

Undugu hakuna, wamefanana umbo tu. Mamoti ni wa jamii ya kindi. Meno yake ya mbele hukua maisha yote. Jamaa wa karibu wa pimbi ni tembo na nguva. Mguu wa mbele wa pimbi una vidole vinne vyenye kucha butu, na nyayo laini, zenye unyevunyevu, humwezesha kung'ang'ania jiwe lililosimama wima. Mamoti ana kucha ndefu za kuchimbia.

Hayo mashimo wameyaziba wenyewe kutoka ndani, kwa udongo, mawe na nyasi, familia nzima ikalala mpaka Aprili hivi. Hawaweki chakula, akiba yao ni mafuta ya mwilini. Joto la mwili hushuka hadi karibu nyuzi 5, moyo ukapiga mara chache tu kwa dakika. Kila baada ya wiki mbili hivi huamka, miili ikapata joto, kisha hulala tena, na kuamka huko ndiko kunakokula mafuta mengi. Watoto wa mwaka huo hawajanenepa vya kutosha, ndiyo maana hulala wamebanana na wakubwa. Theluji nene ni blanketi lao. Ikiwa nyembamba, baridi hupenya hadi chumbani, mafuta huisha kabla nyasi hazijaota, na wadogo ndio hutangulia kufa.

Pimbi halali hivyo. Shida yake ni asubuhi: mwili wake haumudu kutunza joto vizuri, kwa hiyo huanika mgongo juani kwanza ndipo aende kula.

Majira ya joto yakirudi, nenda asubuhi na mapema au jioni, maana jua kali huwarudisha mamoti shimoni. Kaa chini, mbali nao. Ukisikia mluzi mkali, ujue umeshaonekana, tulia hapohapo. Mbwa asifunguliwe. Mkate na biskuti usiwape kabisa, chakula chao ni majani na maua. Nakusihi hasa usiwakimbize Agosti na Septemba, kwa sababu muda wanaojificha ni muda wa kunenepa unaopotea.

Baba yako