Niliapa Nitalipiza Kisasi: Nikiacha, Nitakuwa Mnafiki?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mdogo wangu alichomwa kisu na kijana wa mtaa wa pili, alhamdulillahi akapona. Kwa hasira niliapa kwa Mwenyezi Mungu mbele ya wenzangu kwamba damu yake nitailipa. Juzi tukaangalia filamu ya The Godfather, wakaniambia: mwone mzee Corleone, jambazi lakini akitoa neno halirudi nyuma. Je, nikiacha kiapo changu si nitakuwa mnafiki?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Hutakuwa mnafiki. Dhambi iko katika kukitimiza. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba aliyekula kiapo kisha akaona jambo jingine ni bora kuliko lile, alifanye lililo bora na akitolee kafara kiapo chake. Seuze kiapo cha kumwaga damu!

Na hao wenzako filamu wameiangalia nusu. Mzee yule aliapa kwa roho za wajukuu zake kwamba si yeye atakayevunja amani na familia nyingine za kijambazi za New York. Kwetu sisi anayeapa huapa kwa Allah au hunyamaza. Lakini tuliache hilo. Mwanawe Michael aliwaulisha wakuu wa familia hizo wakati yeye yuko kanisani, mtoto anabatizwa, naye anajibu kwamba amemkataa shetani. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1974, akamkumbatia kaka yake Fredo msibani kwa mama yao, kisha akaagiza auawe. Neno lisilorudi ndilo hilo? Akiaminiwa hufanya hiana: hiyo ndiyo alama ya mnafiki uliyokuwa ukiiogopa.

Kisasi kimo katika Qur'ani, ni kweli. Ila ni hukumu ya kadhi baada ya ushahidi, kwa mkosaji peke yake, si kwa kaka yake wala binamu yake, na Sura ya 17, aya ya 33, inamkataza hata mwenye haki kupita mipaka. Damu za kulipizana koo kwa koo Mtume alizifuta pale Arafa, mwaka wa 10 Hijria, na ya kwanza kuifuta ilikuwa ya ukoo wake mwenyewe: damu ya mtoto wa Rabia bin Harith, aliyeuawa na kabila la Hudhayl akiwa bado ananyonya. Hakuanza na madai ya watu wengine.

Tena, mdogo wako yu hai. Haki ya kudai au kusamehe ni yake, wewe huna. Muulize anataka nini, na kama ni kudai, mfuatane polisi na mahakamani.

Kafara yako ni kulisha maskini kumi au kuwavisha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kila mmoja apate kibaba cha nafaka inayoliwa hapo kwenu, kama mchele, wala usitoe pesa badala yake. Asiye na uwezo hufunga siku tatu. Na kwa kuwa uliapa mbele ya wenzako, waambie pia kwamba umeacha, wasije wakatangulia kwa niaba yako.

Wallahu aalam.