Chanzo chenye upendeleo, nakitupa au nakitumia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nina asainmenti ya sababu za vita vya Maji Maji na vyanzo viwili: dondoo ya kitabu cha Götzen, gavana wa Kijerumani, cha 1909 na ushuhuda wa wazee wa Umatumbi, kule kusini vita vilikoanzia, uliorekodiwa 1968. Lekchara kanirudishia kazi kaandika "umesimulia, hujachambua". Rafiki yangu anasema Götzen ni mkoloni mwongo nimuache, nitumie wazee tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako anakupoteza. Götzen usimtupe kabisa, ila usimtumie kama shahidi wa kile Wamatumbi walichokuwa wanafikiria maana hicho hakukijua. Jiulize kwanza huyu mtu alikuwa nani na kitabu kilikuwa cha kazi gani. Alikuwa gavana tangu 1901, mashamba ya pamba ya lazima kule kusini yalianzishwa 1902 chini yake, vita vikalipuka Julai 1905 yeye akiwa bado kwenye kiti, 1906 akaondoka na 1909 ndo anachapisha. Sasa mtu wa namna hiyo akisukuma lawama kwa waganga na imani ya maji (dawa iliyoaminika kuzuia risasi), unaona mwenyewe nani anapona, kwa sababu kosa likiwa la ushirikina basi pamba, kodi na viboko vya maakida (wasimamizi wa serikali ya Kijerumani) havina kesi. Kwa hiyo dondoo yako ni ushahidi mzuri sana wa jinsi serikali ilivyojitetea, na hilo nalo ni sehemu ya jibu lako. Halafu tafuta sehemu anazogusia pamba au kodi kwa kupita tu bila kuzitetea, hapo kodoa macho, maneno ambayo mtu hakuyapanga mara nyingi yana uzito kuliko hoja yake kuu. Na mlinganishe na Rechenberg aliyempokea ugavana, yeye alielekea zaidi kwenye sababu za kiuchumi. Wote magavana, wote Wajerumani, ila wanapishana, kwa hiyo ukiandika "Wajerumani walisema" ujue hujachambua bado.

Wazee sasa. Ni chanzo cha msingi ndiyo, kwa sababu wengine waliyaona wenyewe wakiwa watoto au vijana, lakini wanaongea miaka 63 baadaye, nchi imeshapata uhuru, na Nyerere alishaitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama mapambano ya watu waliokataa kutawaliwa. Anayewahoji ni mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar. Hiyo haiwafanyi waongo hata kidogo! Mzee akikueleza jumbe aliyekuwa anawasimamia, shamba lilipokuwa, nani alichapwa, hiyo ni kumbukumbu ya mwili na mimi naiamini kuliko ripoti nyingi za ofisini. Ila akisema "tuliungana makabila yote tuikomboe nchi" hapo simama, uliza hayo ni maneno ya 1905 au ya 1968.

Kitu kingine ambacho wanafunzi wengi wanakiruka ni mipaka ya chanzo. Mzee wa Umatumbi anaijua pamba ya Umatumbi. Songea hakukuwa na mpango ule wa pamba na bado Wangoni walipigana, viongozi wao wakanyongwa Februari 1906, kwa hiyo ukichukua ushuhuda wa Nandete, huko huko Umatumbi, ukaufanya sababu ya vita nzima umeubebesha mzigo usio wake. Andika wazi kwamba chanzo hiki kinaniambia kwa nini vilianza hapa, hakiniambii kwa nini vilifika Ungoni.

Kuhusu kusimulia, ukianza sentensi na "Götzen anasema" halafu ukaweka nukta, umesimulia. Ongeza "kwa sababu" au "jambo linaloonyesha kwamba", uone kama una la kuendelea nalo. Kama huna, dondoo hiyo itoe. Anza kuandika upya aya ya Götzen, ya wazee itakuwa nyepesi zaidi.