Bosi katoka upande wa pili: nisaini au nisisaini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mtanzania, mhudumu wa ndani ya ndege huku Marekani. Kampuni yetu imeungana na nyingine, na mkuu wa shughuli zote za safari katoka upande wao. Alikuja kituoni kwetu akatuonyesha sare mpya weee. Tulipomuuliza mikataba yetu itaunganishwa lini, akasema "mchakato unaendelea". Sasa wenzangu wanazungusha karatasi ya kutokuwa na imani naye. Wanasema atawapendelea watu wake, ukongwe wetu kazini utafutwa, na sisi tutakuwa watoto wa mke asiyependwa. Nisaini? Na zile tiketi za bure za kuja nyumbani zitakuwaje?
Msomaji, Texas

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekaa sana kwenye kamati ya chama cha wafanyakazi, na najua karatasi kama hiyo inavyozunguka chumba cha mapumziko: asiyesaini anaonekana msaliti. Hata hivyo, ningekuwa wewe nisingeisaini kama ilivyo. Imechanganya yaliyo mikononi mwa huyo bwana na yasiyo mikononi mwake.

Tuanze na ukongwe, maana ndio unaowanyima usingizi. Hofu yenu ina msingi. Shirika la ndege la American liliponunua shirika la TWA mwaka 2001, wahudumu wa TWA waliwekwa mkiani mwa orodha ya ukongwe, hata walioruka miaka mingi kuliko wenyeji wao. Kampuni ilipopunguza watu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, wao wakawa wa kwanza kutolewa. Na nakuomba ulishike hili: orodha ile haikupangwa na bosi peke yake, chama cha wahudumu wa American kilikuwa mezani. Uchungu wa TWA ndio uliozaa sheria ya McCaskill-Bond ya mwaka 2007. Orodha lazima ziunganishwe kwa haki, na pande zikishindwana, msuluhishi anaamua. Kama nyote mko chini ya chama kimoja, kanuni za chama hicho ndizo zinazofuatwa. Kwa hiyo la ukongwe lipelekeni kwa viongozi wenu wa chama, tena mapema.

Hata msuluhishi akishaamua, ugomvi unaweza kubaki. Kampuni za ndege za US Airways na America West ziliungana mwaka 2005. Msuluhishi akatoa orodha ya marubani mwaka 2007, upande mmoja ukaikataa, ukaunda chama kingine mwaka 2008. Miaka ikapita wakiruka kila upande na orodha yake.

Sasa yaliyo mikononi mwa wakubwa. Kampuni za ndege za United na Continental ziliungana Oktoba 2010, na Jeff Smisek wa Continental akashika usukani. Tarehe 3 Machi 2012 wote wakahamishiwa mfumo wa tiketi uliotoka Continental, na watu wa kaunta wa United wakawa wanajifunza huku foleni ya abiria imewakodolea macho. Marubani walipata mkataba wa pamoja Desemba mwaka huohuo, Smisek akiwapo, na haki yake isemwe. Lakini wahudumu wa ndege, watu wa kazi yako, walisubiri hadi Agosti 2016. Karibu miaka sita, mwanangu! Muda wote huo wahudumu wa pande hizo mbili hawakuchanganywa kwenye ndege moja, ingawa nembo ilikuwa moja. Smisek aliondoka Septemba 2015 kukiwa na uchunguzi wa serikali. Oscar Munoz akaingia, akazunguka vituoni kusikiliza watu, na mwaka uliofuata mkataba ukapita.

Kuchelewa huko kuna sababu. Chini ya sheria ya kazi ya reli na ndege ya Marekani, mkataba wa zamani haufi tarehe yake ikipita. Unaendelea kutumika mpaka mpya upatikane, na kugoma hamruhusiwi mpaka bodi ya serikali ya usuluhishi iwafungulie njia. Mshahara wenu unabaki palepale na kampuni haina haraka. Ndiyo maana jibu la "mchakato unaendelea" lilinikera hata mimi niliye mbali. Mkuu anayetaka kuaminiwa angetaja hata mwezi wa vikao vya kwanza.

Waambie wenzako waiandike upya hiyo karatasi: tunataka tarehe za vikao vya mkataba wa pamoja, tunataka kujua nani wa upande wetu amewekwa kwenye ofisi yake, na mfumo mpya wa zamu usiwashwe kabla watu hawajafunzwa. Hiyo saini, hata jina lako likiwa la kwanza. Akipewa akanyamaza, hapo kura ya kutokuwa na imani itakuwa na cha kusimamia.

Kuhusu tiketi za nyumbani, hilo liulize sasa hivi. Kuna kampuni zinazopanga foleni ya wafanyakazi wanaosafiri bure kwa ukongwe, nyingine kwa aliyetangulia kujiandikisha, na utaratibu utakaofuatwa huamuliwa na wakubwa. Usikate tiketi ya kuunganisha kwenda Kilimanjaro kabla hujapata jibu la maandishi.